Mwenda wa Bayeke, Mpiga Gitaa wa Vidole Viwili

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri ambaye amekwisha kufa, nami nimemchagua mtu ambaye labda wengi wenu hamjapata kusikia jina lake. Hakuwa mfalme, wala jemadari, wala rais. Alikuwa mpiga gitaa. Jina lake ni Mwenda wa Bayeke, ambaye zamani alijulikana zaidi kwa jina la Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Katanga katika nchi ya Kongo.

Sababu ya kumchagua mtu huyu nitaieleza kwanza, maana si jambo la mbali, bali limetoka hapa hapa shuleni kwetu Masakta.

Ninyi nyote mnalijua lile gitaa la Chama cha Muziki, litundikwalo ukutani katika chumba cha vitabu. Ni gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, aina ambayo wazee wetu wengi huiita galatoni. Jioni, baada ya kazi za mikono, wanachama hulipokezana, na karibu kila mmoja hulipiga kwa namna ile ile: mkono wa kushoto unabana nyuzi, na mkono wa kulia unazikwaruza nyuzi zote sita kwa pamoja, chini na juu, chini na juu, kama mtu apukuchuaye mahindi. Muhula uliopita kijana mmoja wa Kidato cha Pili alitaka kujifunza namna nyingine, ile ya kudonoa nyuzi kwa vidole, dole gumba likipiga sauti za chini na kidole cha shahada kikipiga sauti za juu. Alijaribu kwa muda wa wiki tatu. Kila dole gumba lilipokwenda, kidole cha shahada nacho kililifuata kama ndama; na kila kidole kilipoanza kuimba wimbo wake, dole gumba lilisimama kusikiliza. Mwishowe alilirudisha gitaa ukutani, akatuambia kwamba mikono yake haikuumbwa kwa kazi ile, na kwamba upigaji wa namna hiyo ni wa wageni waliosomea muziki katika vyuo vya Ulaya. Akataka na jina lake lifutwe katika orodha ya chama.

Maneno yake ya mwisho ndiyo yaliyonisumbua, kwa kuwa si kweli. Nikafikiri kwamba nikiweza kuonyesha kwa maisha ya mtu mmoja tu kuwa si kweli, huenda gitaa lile likashuka tena ukutani. Basi nisikilizeni.

Mwenda alizaliwa katika mwaka wa 1930 huko Bunkeya, karibu na mji ambao siku hizo uliitwa Jadotville na leo unaitwa Likasi. Bunkeya si mahali padogo katika historia, na sisi watu wa Tanzania tunayo sababu ya kupakumbuka. Katika karne ya kumi na tisa wafanya biashara wa Kinyamwezi na Kisumbwa, kutoka magharibi ya nchi yetu, walikuwa wakisafiri kwa miguu hadi Katanga kutafuta shaba na pembe za ndovu. Mmoja wao, aliyeitwa Msiri, hakurudi kwao. Alikaa huko, akajipatia nguvu na bunduki, akawashinda watemi waliokuwa jirani zake, akajenga makao yake makuu Bunkeya, akawa mfalme wa nchi kubwa. Watu wake waliitwa Bayeke. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba, 1891, alipokataa kuikubali bendera ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, na baada yake nchi ya Katanga ikaingia chini ya utawala wa wageni. Lakini Bayeke hawakwisha, na jina la Mwenda, ambalo lilikuwa moja katika majina ya Msiri mwenyewe, limeendelea kuwa jina la heshima kati yao mpaka leo. Kwa hiyo mtu aitwaye Mwenda wa Bayeke amebeba katika jina lake safari yote ile ya kutoka Usumbwa hadi Bunkeya. Ukisimama barabarani hapa Hanang ukatazama upande wa Singida na mbele yake, ndiko walikoanzia safari ndugu wa mababu zake.

Jina lake la ubatizo, Jean Bosco, alipewa kwa ukumbusho wa padre mmoja wa Italia wa karne ya kumi na tisa, ambaye alisifika kwa kuwafundisha kazi vijana maskini.

Sasa tutazame nchi ya Katanga ilivyokuwa wakati wa utoto wa Mwenda. Chini ya ardhi yake kulikuwa na shaba nyingi, na katika mwaka wa 1906 Wabelgiji walianzisha kampuni kubwa ya kuichimba, iliyoitwa Union Minière du Haut-Katanga. Migodi ilihitaji watu. Wakaja watu wa Kasai, wakaja watu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wakaja wa Nyasa, wa Angola na wa Ruanda. Walipokutana kambini hawakuwa na lugha moja, basi wakashika Kiswahili, kile kilichokwisha kuletwa na misafara ya biashara, wakakizungumza kwa namna yao. Ndiyo maana nyimbo nyingi za Mwenda ni za Kiswahili, na msikilizaji wa Masakta huelewa sehemu kubwa, ingawa mara kwa mara husimama na kujiuliza neno fulani limetoka wapi.

Pamoja na watu, reli ilileta vitu. Kati ya vitu hivyo yalikuwamo magitaa, gramafoni na santuri. Mfanya kazi wa mgodi aliyejiwekea akiba aliweza kununua gitaa, na jioni alikaa nje ya nyumba yake akalipiga, huku mwenzake akigonga chupa tupu kwa kisu au msumari ili kushika mwendo. Vijana walikusanyika wakatazama. Walisikia pia santuri za Trio Matamoros, watu watatu wa kisiwa cha Cuba walioimba kwa magitaa, na katika nyumba za sinema waliwaona wachunga ng'ombe wa Marekani wakipiga magitaa juu ya farasi zao. Hayo yote yaliingia katika masikio ya Mwenda.

Lakini lisilosahaulika ni hili: kabla ya gitaa kufika, watu wa nchi zile walikuwa na vinanda vyao wenyewe. Walikuwa na kalimba, kile kisanduku chenye vijiti vya chuma kipigwacho kwa madole gumba, na mara nyingine kidole cha shahada kikisaidia. Ndugu zetu Wagogo wa Dodoma wanayo ilimba, ambayo ni ya ukoo huo huo, na marehemu Hukwe Zawose aliitembeza mpaka nchi za mbali. Mtu apigaye kalimba hufundisha vidole vyake tangu utotoni kutengana, hiki kikienda njia yake na hiki njia yake. Vijana wa Katanga waliposhika gitaa hawakuhitaji kuazima akili ya chuo chochote. Waliwekea kinanda kipya desturi ya vidole vya zamani. Hiyo ndiyo asili ya upigaji wa vidole viwili.

Katika mwaka wa 1952 alifika Jadotville Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey. Bwana huyu, aliyezaliwa mwaka 1903 na kufa mwaka 1977, alitumia maisha yake kuzunguka Afrika ya kusini, ya kati na ya mashariki akinasa nyimbo kwa mashine yake, kwa kuwa aliona kwamba zisiponaswa zitapotea. Alimkuta Mwenda, kijana wa miaka ishirini na miwili, akilipiga gitaa lake, akaketi kumsikiliza. Alinasa nyimbo zake kadhaa, na mmoja kati ya hizo ulikuwa Masanga.

Wapenzi, Masanga ni wimbo mfupi. Mtu angeweza kuusikiliza wote wakati maji ya chai yakichemka. Lakini mara ya kwanza uusikiapo utafikiri wapo watu wawili, mmoja akipiga sauti nene na mwingine akipiga sauti nyembamba. Hakuna mtu wa pili. Ni Mwenda peke yake, kwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Tena haurudii jambo lile lile kama saa ya ukutani. Kila urudipo mwanzo anabadili kidogo, hapa akiongeza sauti, hapa akiipunguza, hapa akiikawiza hata unaogopa kwamba amepotea njia, kisha anaingia mahali pake barabara. Santuri hiyo ilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini, kwa jina la Gallotone, ikasambaa katika nchi nyingi. Kampuni hiyo hiyo iliuza na magitaa ya bei ndogo, na hapo ndipo lilipotoka neno galatoni wanalolitumia wazee wetu. Magitaa hayo yalifika hata Uingereza, na John Lennon wa kundi la Beatles alianza kujifunza kwa gitaa la Gallotone. Basi msilidharau gitaa la bei ndogo.

Hapa niruhusuni niache habari za maisha kwa kitambo, nieleze huo upigaji wenyewe, maana yule kijana wetu wa Kidato cha Pili alishindwa kwa sababu alianza mahali pasipo mwanzo.

Gitaa lina nyuzi sita. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba kabisa, ulio karibu na goti, na uzi wa sita ni ule mnene, ulio karibu na kidevu. Nyuzi tatu nene, yaani wa sita, wa tano na wa nne, ni shamba la dole gumba. Nyuzi tatu nyembamba, yaani wa tatu, wa pili na wa kwanza, ni shamba la kidole cha shahada. Kwa mwanafunzi mpya mpaka huo usivukwe.

Mkono wa kushoto ushike sauti ya C. Kidole cha shahada kibane uzi wa pili katika nafasi ya kwanza, kile cha kati kibane uzi wa nne katika nafasi ya pili, na kile cha pete kibane uzi wa tano katika nafasi ya tatu. Uzi wa kwanza na wa tatu huachwa wazi, na wa sita usiguswe. Sasa usahau kabisa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Hesabu moja, mbili, tatu, nne, pole pole kama mtu apandaye mlima. Kwa moja, dole gumba lipige uzi wa tano. Kwa mbili, uzi wa nne. Kwa tatu, uzi wa tano tena. Kwa nne, uzi wa nne. Fanya hivyo siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, mpaka uweze kuzungumza na rafiki yako habari za chakula cha jioni huku dole gumba likienda bila kukuuliza. Hapo ndipo wengi wanapokosa subira. Wanataka wimbo kabla ya mwendo.

Dole gumba likiisha kuzoea, kiite kidole cha shahada. Kwanza kipige pamoja na dole gumba kwa hesabu ya moja tu, kikiuvuta uzi wa pili kwa kwenda juu wakati dole gumba likisukuma uzi wa tano kwa kwenda chini, kama mtu abanaye punje kwa vidole viwili. Hesabu tatu zilizobaki kinyamaze. Ikikaa vizuri, sasa kipige katikati ya hesabu, pale pasipo na dole gumba: baada ya moja, kabla ya mbili, kipige uzi wa pili, baada ya mbili, kabla ya tatu, kipige uzi wa kwanza. Hapo utasikia ghafula kwamba gitaa limekuwa watu wawili. Kisha jifunze kuhama kutoka C kwenda F, na kwenda G, bila dole gumba kusimama. Ukiisha kuweza hayo, umekwisha kupata ufunguo wa mlango. Ndani ya nyumba utatembea maisha yako yote.

Sisi watu wa Hanang tuelewe kwa mfano wa shamba. Dole gumba ni maksai avutaye plau: haendi mbio, hasimami, hageuzi shingo. Kidole cha shahada ni kijana anayemfuata nyuma akipiga mluzi. Maksai akisimama kila mara kijana apigapo mluzi, shamba halitalimwa mpaka mvua zikaisha. Lakini akiendelea na mwendo wake, kijana anaweza kupiga mluzi wowote apendao. Mwenda alikuwa hodari hata dole gumba lake nalo liliimba, lakini hata siku moja halikusahau kulima.

Turudi katika maisha yake. Santuri zilimfanya ajulikane mbali na kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikaa kwa muda mjini Nairobi, akawa na kipindi chake katika redio. Siku hizo redio moja ilisikilizwa na kijiji kizima, na vijana wa Kenya waliosikia vidole vyake walikwenda kutafuta magitaa. Binamu yake, Edouard Masengo, naye mpiga gitaa na mwimbaji kutoka Katanga, alikuwa pia Nairobi miaka hiyo akapendwa sana. Wakati huo huo huko Kenya ya magharibi akina George Mukabi, aliyekufa mwaka 1963, walikuwa wakiupiga muziki wa gitaa kavu kwa namna yao, gitaa likiandamana na chupa ya soda iliyokwaruzwa. Hivyo upigaji wa vidole ukawa mali ya Afrika ya Mashariki, wala si wa Katanga peke yake.

Miaka hiyo haikuwa ya amani nyumbani kwake. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960, na siku kumi na moja tu baadaye Katanga ilitangaza kujitenga. Vita vikafuata, majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaingia, na utengano huo haukukomeshwa mpaka Januari 1963. Baadaye majina yenyewe yakageuzwa. Katika mwaka wa 1966 mji wa Elisabethville uliitwa Lubumbashi, na Jadotville ikaitwa Likasi. Katika mwaka wa 1971 nchi yote iliitwa Zaire na Katanga ikaitwa Shaba, majina ambayo yalidumu hadi mwaka 1997. Katika mwaka wa 1972 serikali ya Mobutu iliwaamuru raia waache majina ya Kizungu na kutumia ya Kiafrika. Ndipo Jean Bosco akaitwa Mwenda wa Bayeke. Mtu mmoja, mji mmoja, nyuzi zile zile sita, lakini kila kitu kilichomzunguka kimebadilishwa jina.

Sasa nataka mlitazame jambo moja ambalo vijana wapendao muziki hawapendi kulisikia. Mwenda, pamoja na sifa zake zote, hakuishi kwa gitaa peke yake. Alikaa Lubumbashi, akafanya kazi katika benki, akafanya kazi katika Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, akaongoza bendi, na baadaye akawa na hoteli yake karibu na mpaka wa Zambia. Yaani mtu ambaye vidole vyake vilisikika kutoka Cape hadi Nairobi alikwenda kazini asubuhi kama baba wa mwanafunzi ye yote. Kazi hizo zilimlisha, na gitaa lilimngoja jioni.

Tena ulikuja wakati gitaa kavu lilipodharauliwa. Bendi kubwa za Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, zilikuwa na magitaa ya umeme matatu au manne, ngoma, tarumbeta na waimbaji wengi. Watu walitaka kucheza dansi katika kumbi, na mtu mmoja mwenye gitaa lisilo na waya alionekana kama baiskeli mbele ya basi. Upigaji wa vidole viwili ulianza kusahauliwa katika mitaa ile ile ulikozaliwa. Hebu fikirini, wenzangu, jinsi inavyomwuma fundi kuona ujuzi wake haupotei kwa kuwa ni mbaya, bali kwa kuwa umepitwa na kelele.

Lakini palikuwa na watu waliokuwa wakisikiliza kwa makini. Katika mwaka wa 1961 na 1962 David Rycroft, mwalimu wa chuo kikuu huko London, alichapisha maandishi marefu juu ya upigaji wa Mwenda, akiziandika sauti za Masanga moja moja katika alama za muziki, kama vile mtu ahesabuye punje za gunzi. Katika mwaka wa 1969 Mwenda alialikwa Marekani, akapiga katika tamasha kubwa la nyimbo za wananchi huko Newport. Katika mwaka wa 1979 Mwingereza mwingine, John Low, ambaye mwenyewe ni mpiga gitaa, alisafiri mpaka Shaba kuwatafuta wapigaji wa zamani wa Katanga na kujifunza kwao. Aliketi mbele ya Mwenda na wenzake, akatazama vidole, kisha akaandika habari za safari yake.

Nawaombeni msimame kidogo hapo. Kijana wetu alisema kwamba upigaji huu ni wa wageni waliosoma vyuoni. Kumbe wageni waliosoma vyuoni ndio waliofunga safari kuja Afrika kuketi miguuni pa mpiga gitaa wa Bunkeya.

Mwenda aliishi kuiona heshima hiyo ikirudi. Katika miaka ya 1980 alisafiri Ulaya kupiga gitaa lake peke yake mbele ya watu waliokaa kimya kumsikiliza, na katika mwaka wa 1988 alikwenda Cape Town, Afrika ya Kusini, akarekodi tena nyimbo zake kwa mitambo mizuri kuliko ile ya ujanani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane. Zilitolewa baadaye katika sahani moja ya muziki, ambayo mwenyewe hakuwahi kuiona, kwa maana katika mwezi wa Septemba mwaka 1990 alikufa kwa ajali ya gari nchini Zambia. Alikuwa na umri wa miaka sitini.

Hayo ndiyo maisha ya Mwenda wa Bayeke. Yanatufundisha nini sisi wa Masakta?

Kwanza, kwamba ujuzi mkubwa unaweza kuanza kwa vitu vidogo sana: gitaa la bei ndogo, kizingiti cha nyumba, na vidole viwili. Pili, kwamba jambo lionekanalo geni mara nyingine ni letu wenyewe, lililotoka safarini likarudi na nguo nyingine. Kalimba ilikuwa hapa kabla ya gitaa. Tatu, kwamba mtu anaweza kufanya kazi yake ya mshahara kwa uaminifu na bado akatunza ufundi wake, bila kimoja kukiua kingine. Na nne, kwamba ufundi usipofundishwa hufa na mwenye nao. Nyimbo za Mwenda tunazo kwa kuwa mtu mmoja alizinasa mwaka 1952, na wengine wakakubali kuketi na kujifunza. Ni wapigaji wangapi wa zeze na ilimba katika wilaya zetu hizi waliozikwa bila mtu hata mmoja kuwatazama vidole?

Namalizia na yule kijana. Mwalimu wetu wa muziki hakumkemea, wala hakulifuta jina lake. Alimwita jioni moja, akamsikilizisha Masanga katika simu yake mara tatu, kisha akamweleza habari hizi nilizowaandikia. Halafu akalishusha gitaa, akamwambia aanze upya na dole gumba peke yake, bila wimbo wo wote, kwa muda wa wiki mbili nzima. Kijana aliona haya kupiga sauti mbili tu mbele ya wenzake, nasi, nakiri, tulimcheka. Wiki ya tatu alikiita kidole cha shahada. Jioni ile upepo wa Hanang ulikuwa ukipiga mabati, nasi tulikuwa tukitayarisha masomo, tukasikia kutoka chumba cha vitabu watu wawili wakipiga gitaa, mmoja sauti nene na mmoja sauti nyembamba. Tukatazamana, maana gitaa la shule ni moja.

Bado hukosea ahamapo kwenda F. Lakini dole gumba lake halisimami tena. Wenye kutaka kujifunza wafike chumba cha vitabu siku ya Jumatano baada ya kazi za mikono. Wakate kucha za mkono wa kushoto, na waje na subira.